Kiwanda cha nguo cha Bugolobi: kazi ilihamia Kampala, mshahara ukabaki pale pale

Kila kiwanda kipya kinapofunguliwa Namanve, Mbale au Kapeeka, wananchi huelezwa kwamba kazi zinazohama kutoka nchi zenye mishahara mikubwa zinatufuata kwa sababu nguvukazi yetu ni ya bei nafuu, kwamba zitawatoa vijana vijiweni, na kwamba mshahara, hata ukianza chini, utapanda wenyewe kadiri viwanda vinavyoongezeka. Maelezo hayo si uongo, kwa kuwa yapo mataifa yaliyopita njia hiyo na kufika. Lakini Uganda tuna kisa chetu wenyewe, kilichoanza mwaka 2003 na kumalizika kabla ya miaka mitano kutimia, ambacho kinaonyesha vizuri ni wapi njia hiyo hukatika. Inasikitisha kwamba kisa hicho hutajwa siku hizi kama kashfa ya mkopo wa serikali tu, ilhali ndani yake mna karibu kila jambo tunalohitaji kulijua kuhusu ajira zinazovuka mipaka.

Kiwanda hicho ni Tri-Star Apparel, kilichowekwa Bugolobi, Kampala, na mwekezaji kutoka Sri Lanka kwa msaada mkubwa wa serikali, kwa lengo la kushona nguo za kuuza Marekani. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wasichana, na magazeti yaliwaita wasichana wa AGOA, kwa jina la sheria ya Marekani ya biashara na Afrika iliyowaleta pale. Kabla ya kuwatazama wao, ni lazima tutazame kazi waliyopewa ilitoka wapi, kwa sababu mshahara wao uliamuliwa huko kwa sehemu kubwa.

Kazi ilitoka wapi

Mwaka 1990 viwanda vya kushona nguo vya Marekani viliajiri watu zaidi ya 900,000. Ilipofika mwaka 2010 waliobaki hawakufika 200,000. Wengi wa waliotoweka katika hesabu hiyo ndio watu ambao kazi yao ilihamishwa. Wachumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013, walionyesha kwamba maeneo ya Marekani yaliyoshindana zaidi na bidhaa za China yalipata ukosefu mkubwa zaidi wa ajira na mishahara midogo zaidi kuliko maeneo mengine, na kwamba watu waliopoteza kazi hawakuhamia kirahisi kwenye sekta nyingine kama vitabu vya kiada vilivyokuwa vikiahidi. Kwa fundi wa kushona wa Carolina Kusini, basi, hasara ilikuwa ya kweli, na hakuna sababu ya sisi kuidharau kwa kuwa tuko upande wa pili wa bahari.

Hata hivyo kazi ile haikutoka Carolina Kusini ikaja Bugolobi moja kwa moja. Sehemu kubwa ilikwenda China, Bangladesh, Vietnam na Amerika ya Kati. Kilichokuja Afrika kilikuja kwa mlango mwingine. Tangu mwaka 1974 biashara ya nguo duniani ilikuwa ikiendeshwa kwa mgawo: kila nchi kubwa ya Asia iliwekewa kiasi ambacho haikuruhusiwa kukizidi inapouza Marekani na Ulaya. Kiwanda cha Sri Lanka au China kilichojaza mgawo wake kilikuwa na njia moja ya kuongeza mauzo, nayo ni kushonea katika nchi nyingine. Rais Bill Clinton alipotia saini sheria ya AGOA mnamo Mei 2000, nchi za Afrika zilizokubaliwa ziliruhusiwa kuingiza nguo Marekani bila ushuru na bila kubanwa na mgawo ule, na zile zilizohesabiwa kuwa maskini zaidi, Uganda ikiwamo, zikaruhusiwa kutumia kitambaa kilichotengenezwa mahali popote duniani.

Kwa hiyo mwekezaji wa Asia aliyefika Kampala mwaka 2003 hakuwa akifuata pamba yetu, wala kwa kweli hakuwa akifuata mkono wetu wa bei nafuu kwanza, maana mikono ya bei nafuu ilikuwapo kwao pia. Alifuata haki ya kuandika kwenye lebo ya shati kwamba limeshonwa Uganda. Hapa ndipo penye tofauti kati ya kazi inayohamia nchi kwa sababu ya kitu ambacho nchi hiyo inacho, na kazi inayohamia kwa sababu ya karatasi ambayo nchi hiyo imepewa. Karatasi inaweza kuandikwa upya Washington wakati wowote, na fundi wa Bugolobi haulizwi.

Hesabu ya senti 50

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ili tuone mshahara unakaa wapi. Fulana ya pamba inauzwa kwa mnunuzi wa Marekani kwa dola 3. Ushuru wa kawaida wa Marekani kwa fulana ya pamba ni asilimia 16.5, ambao kwa bei hiyo ni senti 50 hivi. Senti hizo ndizo faida yote ambayo AGOA ilikuwa ikiipa Kampala dhidi ya mshindani anayelipa ushuru, ukiacha suala la mgawo.

Sasa zitoe humo gharama ambazo mshindani wa Asia aliye karibu na bandari na karibu na kiwanda cha kitambaa hana. Kitambaa kinatoka Asia kwa meli hadi Mombasa, kinapakiwa kwenye lori na kupanda kilomita zaidi ya 1,100 hadi Kampala, kikipita mizani, polisi na mpaka wa Malaba, kisha fulana iliyoshonwa inateremka njia ile ile hadi Mombasa. Katika wiki zote hizo pesa za kitambaa zimelala na riba inahesabiwa. Umeme ukikatika jenereta inawashwa, na dizeli nayo imesafiri kutoka bandari ile ile. Mnunuzi wa Marekani naye hawezi kuja Kampala bila kupewa sehemu ya hizo senti 50, kwa sababu bila hiyo hana haja ya kuacha kiwanda cha Asia alichokizoea, kinachotuma mzigo kwa wakati.

Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya mwenye kiwanda na mfanyakazi. Ukiitazama hesabu hii kwa makini utaona kwamba mjadala wa mshahara wa Bugolobi ulikuwa umefungwa ndani ya senti chache kabla msichana wa kwanza hajakaa mbele ya cherehani. Bidii yake isingeweza kuongeza bei ya fulana, kwa kuwa bei ilipangwa na mnunuzi. Isingeweza kupunguza nauli ya lori. Na isingeweza kuleta kitambaa karibu. Kitu pekee ambacho msimamizi angeweza kukibana kila siku kilikuwa ni kasi ya msichana huyo na saa zake.

Kuna jambo jingine katika jedwali la ushuru la Marekani ambalo kwa maoni yangu halijazungumzwa vya kutosha hapa kwetu. Fulana za nyuzi za viwandani hutozwa asilimia 32, karibu mara mbili ya zile za pamba, kwa hiyo anayesamehewa ushuru huo anapata nafuu kubwa zaidi kwa kushona nguo zisizo na pamba. Uganda ni nchi ya pamba. Wakulima wa Lango, Teso, Busoga na Kasese wameilima kwa vizazi, na karibu mwaka 1970 nchi ilikuwa ikitoa marobota zaidi ya 400,000 kwa msimu. Sheria ambayo ilitangazwa kwetu kama ufunguo wa kuinua pamba ilikuwa, kwa namna ilivyopangwa, ikimpa mshonaji zawadi kubwa zaidi kwa kununua kitambaa cha mafuta ya petroli kutoka Asia. Pamba yetu iliendelea kuchambuliwa vinuni, kufungwa marobota na kusafirishwa ghafi, ikipishana barabarani na makontena ya kitambaa.

Ndani ya laini

Viwanda vya nguo za kuuza nje havishoni kama fundi wa sokoni anavyoshona. Shati hugawanywa katika hatua ndogo ndogo, na kila mtu hupewa hatua moja: huyu anageuza kola, yule anaunga bega kwa ovaloki, mwingine anatia mkono, mwingine vifungo. Vipande vilivyofungwa mafungu hupita kutoka cherehani hadi cherehani, katika safu inayoitwa laini, na lengo la kila saa huandikwa mahali ambapo wote wanaliona. Mtu mmoja akisimama, fungu lake linarundikana, na wanaomfuata wanakaa bure. Ndiyo maana katika viwanda vya aina hii, kuanzia Asia hadi Afrika, ugomvi wa kwanza mara nyingi huwa ni wa ruhusa ya kwenda msalani. Wengi hudhani huo ni ukatili wa msimamizi fulani mwenye roho mbaya. Ukatili unaweza kuwapo, lakini mzizi wake ni hesabu ile ya senti: meli ina tarehe, lori halina hakika ya kufika, na dakika pekee zinazoweza kurudishwa ni za mfanyakazi.

Dada mmoja anayeshona sare za shule Jinja, ambaye zamani alifanya kazi katika laini ya kiwanda cha nguo za kuuza nje, alinieleza jambo ambalo lilinisaidia kuelewa zaidi kuliko takwimu. “Mwalimu, mimi nilikuwa mtu wa kola,” alisema. Kwa muda wote aliokaa kiwandani alishona kola, na alizishona kwa kasi ambayo fundi wa mtaani hawezi kuikaribia. Alipotoka hakuweza kukata wala kukamilisha shati zima. Ilibidi akae chini ya fundi mwingine sokoni, kama mwanafunzi, ndipo aweze kuishi kwa cherehani yake. Ujuzi alioupata ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na thamani mahali pamoja tu, ndani ya laini yenye watu wa mkono, wa bega na wa vifungo. Laini ikifungwa, ujuzi huo unabaki bila mnunuzi.

Hapa nadharia inayosema kwamba kazi ya kuhamishwa hupandisha mshahara wa nchi inayoipokea inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Inasema, kwa ufupi, kwamba kazi inayohesabiwa kuwa ya ujuzi mdogo kule inakotoka inaweza kuwa ya ujuzi mkubwa kule inakofika, na hivyo wenye ujuzi huo wakatafutwa na kulipwa zaidi. Kwa Meksiko hilo lilionekana kwa kiasi. Lakini katika ushonaji wa aina ya Bugolobi nafasi zenye ujuzi unaolipwa, kama vile kutengeneza ruwaza, kupanga ukataji wa kitambaa, kusimamia ubora na kuzungumza bei na mnunuzi, katika viwanda vingi vya aina hii Afrika hushikwa na watu waliokuja na mwekezaji. Aliyeajiriwa hapa huajiriwa kwa hatua moja, na hatua moja hufundishwa kwa majuma machache, kwa hiyo nyuma ya kila aliyekaa kwenye cherehani wapo wengi nje ya lango wanaoweza kuchukua nafasi yake. Pale ambapo wanaosubiri ni wengi kuliko nafasi, mshahara haupandi kwa sababu kiwanda kimefunguliwa. Unapanda pale tu ambapo kitu fulani kinaulazimisha.

Wachumi Christopher Blattman na Stefan Dercon waliwafuatilia vijana wa Ethiopia ambao waligawiwa nafasi za viwandani kwa bahati nasibu, ili wawalinganishe na wenzao waliozikosa. Thuluthi moja ya waliopata kazi waliiacha katika mwezi wa kwanza, na asilimia 77 walikuwa wameondoka ndani ya mwaka mmoja. Hawakuwa wavivu. Kiwanda hakikuwa kikilipa zaidi ya kile ambacho wangekipata kwa kuuza bidhaa ndogo ndogo au kwa vibarua, na afya zao ziliathirika. Anayewaona vijana wa Kampala wakiacha kazi ya kiwandani na kurudi soko la Owino kuuza mitumba, kisha akasema kwamba vijana hawapendi kazi, angefaa kwanza alinganishe mapato hayo mawili.

Mgomo wa Oktoba 2003

Katika Oktoba 2003, miezi michache tu baada ya kiwanda kuanza, wasichana walisimamisha kazi. Malalamiko yao yaliripotiwa hadharani: namna walivyotendewa na wasimamizi, saa za kazi, masharti ya kutoka kwenye mashine, na kutokubaliwa kuwa na chama cha wafanyakazi. Karibu 300 kati yao walifukuzwa. Baadhi walikwenda Bungeni kutafuta msaada. Rais Museveni alisema hadharani kwamba aliunga mkono kufukuzwa kwao kwa sababu vitendo vyao vingewatisha wawekezaji.

Nimekuwa nikilitafakari tamko hilo kwa muda mrefu, kwa sababu lina mantiki yake na mantiki hiyo ndiyo yenye kasoro. Ni kweli kwamba mnunuzi wa Marekani aliyesikia kuhusu mgomo angeweza kupeleka oda kwingine. Lakini tumeona kwamba hatari kubwa ya kiwanda kile ilikuwa mahali pengine kabisa: katika barabara, umeme, kitambaa cha mbali na karatasi ya Washington. Hayo yote serikali ilikuwa na uwezo wa kuyagusa, au angalau kuanza kuyagusa, na ndiyo yangeongeza kile kinachoweza kulipwa. Badala yake, nguvu yake ilitumika upande ambao gharama ilikuwa ndogo kuliko zote. Kumpa msichana ruhusa ya kutoka bila kudhalilishwa na kumruhusu kuwa na mwakilishi kungegharimu kiasi kidogo mno katika hesabu ya dola 3. Kuwafukuza watu 300 waliokwisha kufundishwa, na kufundisha wengine 300, kuligharimu mafungu ya kazi yaliyocheleweshwa. Hata kwa vigezo vya mwenye mali peke yake, sioni jinsi uamuzi ule ulivyokuwa wa busara; kwa vigezo vya haki, wasichana wale walistahili kusikilizwa na hawakusikilizwa.

Sheria nayo haikuwa na kitu cha kuwashika mkono. Kima cha chini cha mshahara cha Uganda kilikuwa kile kilichowekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo kwa thamani ya mwaka 2003 zilikuwa sawa na dola 3 hivi, bei ya fulana moja ya mfano wetu. Mfanyakazi aliyetaka kudai hakuwa na sakafu ya kusimama.

Vyama vya wafanyakazi vya nje vilipaza sauti kuhusu Bugolobi, na wapo waliosema kwamba vilifanya hivyo kwa wivu, ili kazi irudi kwao. Huenda baadhi ya wanachama wao walikuwa na tumaini hilo. Lakini kazi ya nguo ya Marekani isingerudi kwa sababu ya kiwanda kimoja cha Kampala, ambacho mauzo yake hayakuzidi dola milioni chache kwa mwaka. Hata kiwanda hicho kingefungwa siku ile ile, hakuna cherehani ambayo ingewashwa tena Carolina. Madai ya kwamba haki za mfanyakazi wa Uganda ziheshimiwe yalikuwa sahihi, awe ameyasema nani. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria mpya za ajira, za vyama vya wafanyakazi, za usuluhishi wa migogoro na za usalama kazini, na mimi nahesabu kwamba kelele zilizotoka Bugolobi zilikuwa na mchango katika kuziharakisha. Kwa waliofukuzwa zilikuwa zimechelewa.

Mwisho wa kiwanda

Tarehe 1 Januari 2005 mgawo wa nguo duniani uliondolewa. Mtaalamu yeyote wa biashara ya nguo alikuwa akijua tangu miaka kumi nyuma kwamba siku hiyo inakuja, maana ilikuwa imeandikwa katika mikataba iliyoanzisha Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995. Faida ya kupita Kampala ili kukwepa mgawo ikatoweka, zikabaki senti za ushuru peke yake. Ajira za nguo zilipungua Kenya, Lesotho na Swaziland katika kipindi hicho hicho.

Uganda ilipata pigo la pili. Maji ya Ziwa Victoria yalipungua, mitambo ya Jinja ikashindwa kutoa umeme wa kawaida, na kufikia mwaka 2006 mgawo wa umeme ulikuwa umekaza nchi nzima, huku bei ya umeme ikipanda. Bwawa la umeme la Bujagali lilikuja kukamilika mwaka 2012. Kiwanda cha Bugolobi hakikufika huko. Kilifungwa, wafanyakazi wakatawanyika, na kilichobaki mbele ya wabunge ni deni la mabilioni ya shilingi ambalo serikali ilikuwa imelikopesha au kulidhamini. Ndipo simulizi ikawa ya kashfa, na wasichana wakaondoka katika simulizi.

Tulinganishe na Bangladesh, ambayo hutajwa kila mara kama mfano wa kuigwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Desh ya huko iliingia makubaliano ya ushirikiano na Daewoo ya Korea Kusini na kupeleka wafanyakazi wapatao 130 Korea kujifunza, si hatua moja ya shati, bali kiwanda kizima, pamoja na ununuzi na uuzaji. Baada ya miaka michache wengi wao waliacha kazi na kuanzisha au kuendesha viwanda vyao wenyewe, na sekta ile leo inaajiri watu wapatao milioni nne. Huo ndio upande unaosimuliwa. Upande usiosimuliwa ni kwamba hata huko, penye viwanda maelfu, mshahara haukupanda wenyewe. Jengo la Rana Plaza liliporomoka mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, na kima cha chini kilipandishwa mwaka huo, kikapandishwa tena mwaka 2018, kisha mwaka 2023 hadi taka (sarafu ya Bangladesh) 12,500 kwa mwezi, baada ya maandamano ambamo wafanyakazi waliuawa. Bodi ya mishahara, mgomo na aibu ya kimataifa ndivyo vilivyoifanya kazi ambayo nadharia iliachia soko.

Kwa nini mbegu ya Bugolobi haikuota namna hiyo? Muda ulikuwa mfupi, hilo la kwanza. Pili, aliyetoka kiwandani akiwa na wazo la kuanzisha karakana yake alikutana na soko la ndani lililojaa mitumba na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo kuukuu hatua kwa hatua; wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, na Rwanda iliyokataa ikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa nguo mwaka 2018. Maana yake ni kwamba, ili tuendelee kuwa na haki ya kushona mashati ya Wamarekani, tulitakiwa tuendelee kuvaa mashati waliyoyavua. Sisemi kwamba mitumba ipigwe marufuku kesho. Maelfu ya familia za Owino, zikiwamo za watu ninaowapenda, zinakula kwa mitumba. Nasema kwamba fursa ile ilikuja na bei yake, na bei hiyo ilikuwa soko la ndani ambalo lingeweza kuupa ujuzi ule mahali pa kukaa.

Na bado haki yenyewe haikudumu. Uganda iliondolewa AGOA kuanzia Januari 2024 kwa hoja za haki za binadamu. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu hoja hizo, lakini aliyekuwa akishona kwa ajili ya soko lile alipoteza nafasi hiyo bila kosa la mkono wake.

Sakafu ya mshahara

Waziri yeyote anapoulizwa kwa nini Uganda haina kima cha chini chenye maana, jibu huwa kwamba tutawakimbiza wawekezaji. Bunge lilipitisha muswada wa mishahara ya chini mwezi Februari 2019, na Rais akakataa kuutia saini. Kisa cha Bugolobi kinatupa nafasi ya kulipima jibu hilo kwa nchi halisi.

Lesotho ina kima cha chini kinachotangazwa kwa sekta ya nguo, na ni nchi isiyo na bahari kama sisi, lakini katika miaka mizuri ya AGOA ilikuwa na wafanyakazi wa nguo wapatao 40,000 au zaidi. Kenya ina amri za mishahara za serikali na viwanda vyake vya nguo viliajiri makumi ya maelfu. Uganda, isiyokuwa na sakafu yenye maana, ilipata viwanda vichache na mauzo madogo kuliko nchi hizo mbili. Kama kima cha chini cha mshahara ndicho kingekuwa kizuizi, mpangilio huo ungekuwa kinyume. Lesotho ilitutangulia kwa sababu kutoka Maseru hadi bandari ya Durban ni nusu tu ya umbali wa Kampala hadi Mombasa, tena kwa barabara na reli za Afrika Kusini, na Kenya ina bandari yake mlangoni. Si kwamba wafanyakazi wa huko wanalipwa vizuri, hawalipwi vizuri. Lakini wana takwimu ya kisheria ambayo wanaweza kuipeleka mahakamani na kuidai iongezwe.

Viwanda vya nguo vilivyosimama kwetu hadi leo vina sifa nyingine. Nytil ya Jinja, iliyojengwa enzi za bwawa la Owen Falls na sasa ikiendeshwa na Southern Range Nyanza, inasokota, inafuma na kushona, na hupata oda za ndani, zikiwamo sare za vyombo vya usalama. Mwaka 2020 ilishona barakoa. Fine Spinners, iliyoko Bugolobi hapo hapo, ilianza mwaka 2014 kwa kutumia pamba ya Uganda tangu uzi hadi nguo. Viwanda hivi navyo vina matatizo yao ya mitaji na umeme, na mishahara yake si ya kujivunia, lakini thamani inayogawanywa ndani yake huanzia kwenye robota la pamba la Lira au Kasese, si kwenye kontena lililofunguliwa Mombasa, kwa hiyo kuna kingi zaidi cha kugombaniwa mezani. Serikali ikitoa mkopo tena kwa kiwanda cha aina yoyote, cha nguo au cha kazi za kompyuta zinazotumwa kutoka ng'ambo, jambo la kwanza la kuandikwa katika mkataba liwe ni kiasi cha malighafi na ujuzi wa ndani kitakachotumika mwaka hadi mwaka, idadi ya Waganda katika nafasi za kupanga na kusimamia, na mshahara wa wastani wa walio chini kabisa, vyote vikitangazwa hadharani wakati mkopo ungali unalipwa, na wafanyakazi wakiwa na chama kinachoruhusiwa kuzikagua takwimu hizo pamoja na Wizara ya Kazi. Mwekezaji atakayeondoka kwa sababu ya masharti hayo angeondoka pia siku ambayo Washington ingebadilisha jedwali lake la ushuru.